Nusu Milimita

Agosti 2014 nilipanda basi kwenda kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, Dodoma, nimepakata ilimba iliyofungwa kwenye kitenge. Ilimba ni marimba ya mkono ya Wagogo: sanduku la mti lililochimbwa ndani, juu yake vyuma bapa vilivyobanwa kwa upau, unavipiga kwa vidole gumba. Ile ilikuwa ya mninga na upau wake ulikuwa umelegea, nikaukaza mwenyewe. Kisha nikaweka simu pembeni, nikafungua programu ya kupimia sauti, na kila chuma nikakipanga mpaka taa ikawa ya kijani. Nilichokuwa nafuata kwa babu ni utando wa buibui tu, ule unaobandikwa kwenye tundu la sanduku ili sauti itoke na mkwaruzo wake.

"Mbukwenyi, babu."

"Mbukwa, mjukuu wangu. Hebu lete."

Akapiga vyuma viwili, akapiga cha tatu, akakirudia. "Hii umeipeleka kanisani?"

Alikuwa amepatia. Ile programu hupima kwa kinanda, na kinanda hugawa oktava, yaani nafasi kati ya sauti na ile inayoirudia juu yake, vipande 12 vilivyo sawa. Ngazi ya Wagogo, yaani mpangilio wa sauti zao kutoka chini kwenda juu, haikutoka huko. Ilikuwapo kabla wamisionari hawajafika Mpwapwa na nyimbo zao miaka ya 1870, nayo inatoka ndani ya uzi.

Babu akatoa zeze lake, lile la kibuyu na upinde. Uzi wake mnene, kutoka kwenye daraja mpaka ulikofungwa juu, ulikuwa sentimita 56. Nilijua baadaye, nilipoomba kuupima kwa rula. Ukiupiga mtupu ulitoa mtetemo 98 kwa sekunde, ile sol ya chini. Akaugusa kwa ubavu wa ukucha bila kuukandamiza, sentimita 14 kutoka darajani, yaani robo ya uzi, huku akivuta upinde. Ikatoka filimbi nyembamba: sauti ya nne, 98 mara nne, mtetemo 392. Akasogeza ukucha kuelekea darajani, kwenye moja ya tano ya uzi: 490. Moja ya sita: 588. Pale kwenye sentimita 8, ambapo ndipo moja ya saba, ikatoka 686. Sentimita 7, 784, ile ya nne imejirudia juu. Halafu ya tisa, 882. Hesabu yake haina ujanja, kila hatua inaongeza 98. Ila sikio halisikii hatua hizo kuwa sawa. Kadiri unavyopanda, zinasikika zikikaribiana. Hizo za nne mpaka tisa ndizo ngazi yenyewe, kwa sauti za watu na kwa vyuma pia.

Sasa linganisha na nilichokuwa nimefanya mimi. Ya sita na ya tisa kinanda kinazikaribia sana, tofauti ni senti 2 na 4 (oktava nzima ni senti 1200). Ya tano nilikuwa juu kwa senti 14. Hiyo mtu anaweza kuivumilia. Ya saba nilikuwa juu kwa senti 31: chuma changu kilitetema karibu mara 698 wakati uzi unasema 686. Babu alipiga chuma na kuvuta uzi kwa pamoja, na sauti ikatikisika mara 12 hivi kwa sekunde, kama meno ya mtu mwenye baridi. "Unasikia inavyogombana?" Nikasikia. Nyumbani nilikuwa nimepiga kila chuma peke yake, na chuma kikiwa peke yake hakigombani na mtu.

Niliwahi kudhani ngazi inaweza kutafutwa kwenye chuma chenyewe. Haiwezekani. Uzi una ndani yake sauti za mara mbili, tatu, nne, tano, zimepangana. Chuma kilichobanwa upande mmoja hakina hizo. Sauti yake ya pili inaruka juu kama mara tano au sita ya ile ya kwanza, tena si kamili. Kwa hiyo anayetengeneza ilimba lazima achukue ngazi kwenye uzi au kooni, kisha aihamishie kwenye chuma.

Babu aliihamisha kwa nyundo ndogo na kipande cha mti, chuma kisichubuke. Ukigonga nyuma, kuelekea kwa mpigaji, ulimi, ile sehemu ya chuma isiyobanwa, unarefuka na sauti inashuka. Ukigonga mbele unafupika, sauti inapanda. Alianza na ya nne, akafuata ya nane inayoirudia, kisha ya sita, ya tano, ya tisa, na ya saba akaiweka mwisho kwa sababu ndiyo inayosumbua. Ulimi wa chuma hicho ulikuwa kama milimita 54. Urefu ukibadilika kwa asilimia moja, sauti hubadilika kwa karibu asilimia mbili, maana inakwenda kinyume cha urefu zidisha kwa urefu. Nusu milimita pale ni senti 32. Kosa langu lote lilikuwa unene wa ukucha.

Akagonga mara moja, kikazidi kushuka. Akagonga mbele, kikarudi juu mno. Hapo upau ndio unaoleta shida: umekazwa sana, chuma hakisogei mpaka ghafla kinaruka; umelegezwa, kinasogea vizuri lakini kitahama tena ukianza kupiga. Akaacha nyundo, akachukua nta ya nyuki kama punje ya mtama, akaibandika chini ya ncha. Uzito ukiwa nchani sauti inashuka. Tupa hakuigusa. Kupunguza chuma karibu na ncha kunapandisha sauti, karibu na upau kunashusha, lakini kilichokwisha kusagwa hakirudi, wakati nta unaibandua kwa ukucha. Ubaya wa nta ni jua: ukiisahau ilimba uani mchana wa Dodoma, unaikuta imeteleza.

Alipomaliza alirudia vyote tangu mwanzo, kwani ukigonga kimoja upau unahama kidogo na majirani zake wanahama nao. Viwili vilihitaji kurudishwa.

Akapiga wimbo. Bibi alikuwa jikoni. Akaupokea kutoka huko huko, akiruka sauti moja juu ya ile ya babu, kama Wagogo wafanyavyo wakiimba wawili. Babu akiwa kwenye ya tano, bibi yuko kwenye ya saba. Mwalimu wa kwaya angewasimamisha hapo. Mimi nilisikia kitu kingine: vyuma vya pembeni, ambavyo babu hakuvigusa, vilianza kuvuma vyenyewe. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki maarufu wa Kigogo, alikuwa na ilimba za vyuma vingi ambavyo vingine kazi yao ni hiyo tu, kuitikia. Kwangu nyumbani havikuwahi kuitikia.

Nikatoa simu kwa siri nipime chuma cha saba. Taa nyekundu: chini kwa senti 33.

"Weka hicho kidude," babu akasema, "unishikie huu utando, unapeperuka."