Ule mlio wa "ko!" kila nikiweka rivasi

Gari langu ni dogo, otomatiki, la kuvuta mbele. Kwa miezi miwili kila nikitoa P (ya kuegesha) kwenda R (rivasi) asubuhi, chini kunagonga "ko!" mpaka kiti kinatikisika. Fundi wa kwanza hakushika hata spana: "Bosi, giaboksi hiyo." Bei aliyotaja ilinirudisha nyumbani kimya.

Oili ya giaboksi nikaipima mwenyewe. Ilikuwa kwenye alama, nyekundu, hainuki kuungua. Tena D, gia ya kwenda mbele, iliingia laini. Hapo nikaanza kushuku mauntingi za injini, vile vishikio vyenye mpira vinavyoishika injini mahali pake.

Nikaweka vizuizi kwenye magurudumu, nikavuta hendibreki, nikafungua boneti. Mdogo wangu akakaa kwenye usukani, mguu kwenye breki. Mimi nikasimama ubavuni. Mbele ya gari lililo kwenye gia hasimami mtu.

"Weka D." Injini ikatikisika kidogo.

"Weka R." Ikaruka karibu vidole viwili, ikatua kwa kishindo.

Rivasi huisukuma injini upande wa pili, na mpira wa mauntingi ya nyuma ndio unaopaswa kuizuia. Wa kwangu ulikuwa umechanika hadi kidole kinapita.

Kubadilisha kulichukua saa mbili, nyingi zikiliwa na bolti moja yenye kutu. Nilishikilia injini kwa jeki na kipande cha ubao chini ya sampo (bakuli la oili chini ya injini), na bolti sikuzikaza mwisho mpaka uzito wa injini ulipotua. Sasa rivasi inaingia kimya.