Mashua ya kukaa Lamu, kumbukumbu ya tatu: ngama, nanga na majirani wa majini

Hali ya chombo kwa sasa: mashua ya futi 28, upana futi 9, imeshuka majini Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu, baada ya siku 12 juu ya gadi (miti ya kukitegemeza chombo nchi kavu). Imetia nanga upande wa kisiwa cha Manda, karibu na Ras Kitau. Lengo ni lile lile la kumbukumbu ya kwanza: watu wawili wakae humo kaskazi nzima (msimu wa upepo wa kaskazini), wapike humo, walale humo, wapokee wageni humo. Matembezi ya Jumapili ni mradi mwingine.

Ngama

Chombo kilichokauka siku 12 lazima kivuje kikirudi majini. Usiku wa kwanza zilitoka ngamani, chini kabisa ya chombo maji yanapokusanyika, ndoo 31 za lita 10. Usiku wa pili 12, wa tatu 5, na sasa ni ndoo 2 kwa siku. Mbao zimekunywa maji, zimevimba, zimebanana.

Hapa ndipo wageni wa kazi hii hukosea wakati wa kukalafati, yaani kuziba mianya ya mbao kwa pamba. Wakiuona mwanya mpana juu ya gadi hupiga pamba kwa nguvu zao zote mpaka ijae. Mbao ikirudi kuvimba haina pa kwenda: ama inaitema pamba nje, ama inaivuta misumari itoke kwenye mataruma (mbavu za chombo). Kwa chombo hiki zilitumika kama kilo 5 za pamba, zilizosokotwa na kuchovywa mafuta ya sifa (ya samaki), zikapigwa kwa patasi butu na nyundo ya mti hadi zikazama milimita 4 chini ya uso wa mbao. Sauti ndiyo kipimo. Pamba ikiwa bado laini nyundo hulia kizito, ikishikamana hulia kikavu. Mpigaji aachie hapo, asiongeze hata pigo moja.

Juu ya pamba, chini ya mstari wa maji, ilipakwa deheni. Shahamu (mafuta ya mnyama) huyeyushwa kwanza kwa moto mdogo, kisha chokaa iliyochekechwa hutiwa kidogo kidogo huku inakorogwa mpaka iwe kama uji wa kulishia mtoto. Ikipakwa imeshapoa haishiki, na mbao zikiwa na unyevu hubanduka vipande vipande wiki ya pili. Kabla ya deheni, upande wa chini ulipitishwa moto wa makuti makavu ili kuua wadudu wanaotoboa mbao. Makuti yapitishwe tu, yasikae mahali pamoja, maana pamba ya ndani ina mafuta na hushika moto.

Zile ndoo 2 zilizobaki zina mahali zinapotokea. Namna ya kupatafuta: fua maji yote kwa upo (kata ya kutekea maji ya chomboni), kausha kwa tambara, nyunyiza majivu makavu kandokando ya mkuku (uti wa chini wa chombo), ngoja dakika 20. Majivu huanza kulowa pale pale kwenye tundu, kabla maji hayajatambaa. Kwetu ni kwenye maungio ya mkuku na fashini ya nyuma (mti uliosimama mwisho wa mkuku), ambapo msumari wa zamani umeliwa na kutu. Dawa yake ni kuung'oa, kuziba tundu kwa kijiti cha mkoko, na kutoboa tundu jipya kwa keke (kitoboleo cha kuzungusha), jembamba kidogo kuliko msumari wa inchi 5, kisha kuzungushia kichwa cha msumari pamba yenye mafuta. Tundu jipya lisiwe kwenye mshipa mmoja wa mbao na lile la zamani, la sivyo mbao itapasuka kutoka tundu hadi tundu.

Pampu ya umeme ipo, lakini swichi yake ya kujiwasha imezimwa. Pampu ya kujiwasha huficha ugonjwa: inafua usiku kucha, wenyewe mmelala, na siku betri ikiisha ndipo mnaamka godoro linaelea. Utaratibu ni upo mkononi alfajiri na magharibi, na idadi inaandikwa kwa chaki kwenye taruma. Wazee husema tezi na omo (nyuma na mbele ya chombo), marejeo ni ngamani. Kwa mwenye mashua kuukuu hiyo ni ratiba ya asubuhi.

Kupweleza kwa ajili ya ule msumari

Kupweleza, yaani kukiacha chombo juu ya mchanga maji yakipwa, kunangoja bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga), na siku ya kupweleza ichaguliwe kwa mwezi mwandamo. Maji makubwa kabisa hayaji usiku wa mwezi mpevu wenyewe, huja siku moja au mbili baadaye. Kwa hiyo chombo kipandishwe mwezi 14 (siku ya 14 tangu mwezi kuandama), kitengenezwe, kielee maji yanayofuata, na maji ya mwezi 15 na 16 yabaki kuwa akiba ikiwa kazi imechelewa. Anayekipandisha kwenye kilele cha bamvua amejifunga mwenyewe, kwa sababu kila maji yanayofuata yana kimo kidogo zaidi. Atapwelewa hapo hadi bamvua la pili, wiki mbili hivi.

Neema ya pwani yetu ni kwamba maji ya bamvua hupwa asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano, kwa hiyo mtu hupata saa nne za mwanga juu ya mchanga mkavu. Upande mmoja kwa maji mamoja. Gadi ziwe tayari kabla mkuku haujagusa, mbili kila ubavu, na mitungi yote ya maji ihamishiwe ubavu unaotakiwa ulale, ili chombo kisijiamulie chenyewe.

Nanga

Maji ya bamvua hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mtu akipima kina wakati wa maji kupwa, akapata mita 4, akatoa kamba ya mita 20, anajiona salama. Usiku maji yakijaa ni mita 7, ongeza mita 1 ya kutoka majini hadi gubeti (ncha ya mbele ya chombo), jumla 8. Kwa kamba mara tano ya kina inatakiwa mita 40. Sisi tuna mita 6 za mnyororo na mita 45 za nailoni.

Tabu ya pili ni mkondo. Maji yakitoka kuelekea baharini huku upepo ukiingia, chombo hukaa ubavu, kikaizunguka nanga yake, na kamba ikajiviringisha kwenye mkuku au usukani. Nanga mbili ndizo zinazotibu, moja upande wa maji kuingia na ya pili upande wa maji kutoka, zikikutana omo. Kila baada ya siku mbili tatu kamba hizo huwa zimesukana na hufunguliwa wakati maji yamesimama. Kusi (upepo wa kusini) likianza tutahama, maana mawimbi yanaingia moja kwa moja kwenye mlango wa bahari wa Shela, kijiji cha ng'ambo, na hapa hapalaliki.

Maji ya kunywa

Hesabu ni lita 12 kwa mtu kwa siku: 4 za kunywa, 3 za kupikia, 5 za kutawadhia, kusuuzia mwili na vyombo. Watu wawili ni 24. Mitungi 10 ya lita 20 inatosha siku 8. Vyombo na nguo huoshwa kwa maji ya bahari, ya mtungi ni ya kusuuzia tu. Nguo isiyosuuzwa haikauki kamwe, chumvi huvuta unyevu kila jioni.

Kilo 200 za maji ni farumi (uzito wa kutuliza chombo) ya bure, kwa hiyo mitungi imepangwa chini kabisa, mitano kila ubavu wa mlingoti, na hutumiwa kwa zamu, kushoto kisha kulia. Visima vya Shela vina maji matamu kwa sababu ya milima ya mchanga inayokamata mvua, lakini onja kabla ya kujaza. Mtungi mmoja wa maji ya magadi ukichanganywa na mwingine umeharibu yote miwili.

Jiko na taa

Seredani (jiko la makaa) imo ndani ya sanduku la mbao lenye mchanga wa sentimita 10, na mahali pake ni tezi. Chombo kilichotia nanga huelekeza omo kwenye upepo, kwa hiyo jiko likiwa mbele moshi na cheche zote huja mlipolala. Makaa yanakaa kwenye pipa la kifuniko. Akiba ya kitoweo ni ng'onda (samaki mkavu), inayodumu bila barafu ikianikwa jua kila siku ya tatu.

Umeme kwa siku: taa ya nanga wati 2 kwa saa 12, taa mbili za ndani, simu mbili, redio na pampu, jumla kama wati-saa 108. Paneli ya wati 60 inatosha kaskazi, ila masika mawingu yatainusu, hivyo imewekwa ya 100. Betri ya volti 12, ampea-saa 50, isitumiwe zaidi ya nusu. Kosa letu la wiki iliyopita lilikuwa kuiweka paneli chini ya foromali (mti wa kushikia tanga): kivuli chembamba kama mkono kilikata karibu umeme wote. Sasa iko tezi.

Majirani

Hili halimo kwenye orodha ya vifaa, lakini bila majirani vifaa vyote ni bure. Kushusha mashua hii Matondoni kulihitaji mikono 20. Magogo yalipakwa shahamu, mmoja akaongoza wimbo ili wavute pamoja, na malipo yakawa kahawa tungu, bajia na sinia la pilau. Ukitaka kulipa fedha kwa kichwa utaeleweka vibaya, na siku yako ya pili ya kushusha chombo utaona watu wamepungua.

Adabu za kukaribia ni chache na hazisamehewi. Mtumbwi uje kutoka tezi, usije kwa ubavu. Piga hodi ukiwa mbali kama urefu wa kamba, na usishike chombo cha mtu kabla ya kusikia karibu. Mzee mwenye jahazi huitwa nahodha hata kama ameacha kusafiri miaka, na yeye ndiye wa kwanza kusalimiwa asubuhi. Ukikuta nanga yake ya kale pale unapotaka kutia yako, muulize imelala wapi kabla ya kutupa. Anayekuja baadaye ndiye anayehama nanga zikigongana.

Usiku wa upepo ukiona chombo cha jirani kinasogea, usimpigie simu. Piga sufuria na uite, "Nahodha, nanga yaburura!" Sauti hufika kwa vyombo vyote, na mwenye kamba ya akiba hutokea. Kamba iliyoazimwa hurudishwa imesuuzwa chumvi, na haiji mikono mitupu: samaki mmoja, au mkate wa mofa ulionunuliwa mjini asubuhi. Maji matamu ndiyo yasiyoazimwa ovyo. Omba mtungi, rudisha mtungi siku ile ile.

Jambo moja la kuudhi majirani lilitatuliwa kwa ndoo. Mtumbwi uliofungwa nyuma kwa kamba ya mita 6 hugonga tezi usiku kucha upepo na mkondo vikipingana, na mgongano huo husikika mbali. Funga ndoo kwenye mkia wa mtumbwi, izame majini: mkondo huishika na kuuvuta mtumbwi mbali na chombo. Mabaharia wa jahazi la jirani walituonyesha, baada ya usiku wa tatu wa kuvumilia.

Yaliyobaki kabla ya kaskazi kukaza: ule msumari, vazi la turubai juu ya sitaha, jarari mpya (kamba ya kupandishia tanga), na leseni ya mwaka kutoka Mamlaka ya Bahari ya Kenya, ambayo ukaguzi wake unataka maboya ya kuvaa kwa kila mtu aliyemo. Maji ya ngamani alfajiri ya leo: mateko 14 ya upo.