Setilaiti ilirushwa Malindi, lakini nyota yenyewe ilipatikanaje?

Watu wengi wa pwani wanaijua San Marco, yale majukwaa ya Waitaliano ya kurushia roketi baharini huko Ngwana, kaskazini ya Malindi, ila ukiwauliza palirushwa nini hasa wanakwambia roketi, basi. Leo nataka kuongelea roketi moja tu, ya tarehe 12 Desemba 1970, na jinsi ilivyojulikana nyota ya Cygnus X-1, chanzo cha eksirei ambacho kilikuja kuonekana ni shimo jeusi, yaani kitu kizito mno hata mwanga hautoki. Siku hiyo Kenya inatimiza miaka saba ya uhuru, na setilaiti iliyopanda ikapewa jina hilohilo, Uhuru, na aliyelitoa ni mama mmoja wa NASA, Marjorie Townsend, ndo alikuwa anausimamia mradi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya eksirei za angani peke yake.

Ilibidi iende juu kwa sababu hewa yetu inazimeza eksirei zote zinazotoka huko hazifiki chini kabisa. Kabla yake walikuwa wanarusha viroketi vinavyopanda na kuanguka, unapata dakika chache za kuangalia halafu basi. Uhuru ilikaa huko zaidi ya miaka miwili inajizungusha polepole, mzunguko mmoja dakika 12, inalifagia anga lote, na orodha yake ya mwisho ilifika vyanzo 339 vya eksirei.

Sasa shida ikaanzia hapo. Jicho la Uhuru halikuwa kama kamera, yaani haileti picha, ni kikasha cha gesi kinachohesabu eksirei zinazoingia na mbele yake kuna vizuizi vinavyoiachia sehemu nyembamba tu ya anga, kwa ule upande mkali zaidi ni nusu digrii, ndo upana wa mwezi mpevu. Ukipitisha mara nyingi unaweza kukibana chanzo mpaka kijieneo kidogo kabisa, lakini hata hicho kijieneo ukikipiga picha kwa darubini ya kawaida kina nyota kibao, hasa kama kimeangukia kwenye Njia Nyeupe. Ni ipi sasa? Na bila kuijua nyota huna umbali, huna uzito, huna kitu, una namba kwenye orodha tu.

Chanzo cha kwanza kabisa, Sco X-1 kule kwenye kundinyota la Nge, kilionekana na roketi mwaka 1962 na nyota yake ikajulikana 1966. Kile kilikubali njia rahisi: kutokana na eksirei zake walipiga hesabu kwamba kama kina mwanga wa kawaida basi itakuwa nyota hafifu ya ukubwa wa 13 hivi (ukubwa hapa ni kipimo cha mng'ao, namba ikipanda nyota ni hafifu zaidi) na ya bluu kupita kawaida, Wajapani wakatafuta wakaikuta, na kituo cha darubini cha Palomar kule Marekani wakahakikisha. Tafuta nyota ya ajabu, hiyo ndo kanuni iliyobaki vichwani mwa watu.

Halafu ikaja Cygnus X-1, kwenye kundinyota la Dajaja, na kanuni ikagoma. Kwenye kijieneo chake kulikuwa na nyota moja inang'aa kuliko wenzake, HDE 226868, ukubwa wa 9, jitu la bluu, iko kwenye katalogi miaka na miaka na haina ajabu lolote, za aina hiyo ziko nyingi na hazimwagi eksirei namna hii. Tena Uhuru ilikuwa imeonyesha eksirei zinapepesa ndani ya sehemu ya sekunde. Hapa tulia kidogo. Kitu hakiwezi kupepesa chote kwa pamoja haraka kuliko mwanga unavyokivuka, na kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde mwanga unaenda kilomita 30,000 tu, wakati ile nyota upana wake ni mamilioni ya kilomita. Kwa hiyo nyota yenyewe haiwezi kuwa ndo inapepesa, na mtu makini kabisa angeweza kusema hii imesimama hapo kwa bahati tu, tuiache.

Kilichoiokoa ni redio. Mwaka 1971 wanaanga Hjellming na Wade kule Green Bank Marekani, na Braes na Miley kwa darubini ya Westerbork Uholanzi, wakanasa chanzo cha mawimbi ya redio ambacho huko nyuma hakikuwepo, kimewaka tu karibu mwisho wa Machi. Walipozirudia data za Uhuru wakakuta kumbe eksirei za Cygnus X-1 nazo zilibadilika kipindi hichohicho. Ni kama umejazana na watu kwenye matatu na unataka kujua namba fulani ni ya nani, unaibipu tu unaangalia mfuko wa nani utalia. Na redio inatoa mahali kwa usahihi wa karibu sekunde moja ya tao, yaani digrii ukiigawa mara 3,600, pakaangukia juu ya HDE 226868 hasa.

Hiyo ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote na naona watu wanairuka. Kukaa sehemu moja hakujatosha, mpaka vibadilike pamoja.

Baada ya hapo ikabaki kuipima. Wanaanga Louise Webster na Paul Murdin walikuwa na darubini ya Isaac Newton, enzi hizo iko Herstmonceux Uingereza, Tom Bolton alikuwa kwenye kituo cha darubini cha David Dunlap karibu na Toronto, Kanada, na wote wakakuta mistari kwenye spektra ya nyota, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa rangi, inasogea kwenda na kurudi, mzunguko mmoja siku 5.6. Maana yake jitu zima lile linazungushwa na kitu kizito kisichoonekana. Makala zao zilitoka mwanzoni mwa 1972 na hesabu ikawa ngumu kuikwepa, ule uzito ni mkubwa mno kwa nyota ya nyutroni, yaani masalia yaliyoshindiliwa ya nyota iliyokufa, limebaki shimo jeusi. Vipimo vya 2021 vinasema ni kama jua 21, umbali miaka ya mwanga 7,200 hivi.

Mara nyingi kisa hiki kinasimuliwa kwa lile dau la wanafizikia Hawking na Kip Thorne, Hawking akisema Cygnus X-1 si shimo jeusi, ambalo alikubali kushindwa mwaka 1990. Sawa, ni kisa kizuri, ila kwangu mimi kazi kubwa ilishafanyika pale waliposema nyota ni hii, maana bila hivyo Bolton angeelekeza darubini wapi?

Leo Chandra, setilaiti ya NASA ya eksirei, inakupa mahali pa eksirei chini ya sekunde moja ya tao kwa hiyo mara nyingi unamaliza mapema, lakini kwenye msongamano wa nyota bado swali ni lilelile, na bado watu wanasubiri kuona nani anabadilika na nani.

Kwa walioko huku kwetu, nyota yenyewe inaonekana. Agosti na Septemba, saa tatu usiku, geukia kaskazini, mtafute Dajaja, halafu Eta Cygni kwenye shingo yake, HDE 226868 iko pembeni yake chini ya digrii moja. Binokula ya 10x50 kwenye giza zuri inatosha ukiitegemeza vizuri, mjini utahitaji darubini ndogo na ramani ya nyota. Kama kuna mtu wa Kilifi au Watamu ameshajaribu aniambie aliipata kwa kifaa gani.