Huyu huwa haanguki

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii usingizi umenipita mbali. Jambo lililonisumbua lilianzia kwenye raga, Jumamosi pale uwanja wa Kyadondo, Kampala, vijana wetu walipofungwa 31–12. Lakini ilipofika Jumanne usiku nikajua Bwana ananisemesha juu ya kanisa. Naliandika kama lilivyonikaa moyoni, na mtanivumilia nikikawia mahali.

Wengi wenu mnaijua timu hii. Ni vijana wa hapa Jinja, wa Walukuba na wa Masese, wengine wanatoka Bugembe. Kuna mafundi wa kuchomelea vyuma, waendesha boda boda, mwalimu mmoja na wanafunzi. Hakuna anayelipwa. Jezi wanazifua wenyewe, na nauli ya kwenda Kampala wanachangishana hadi siku ya safari asubuhi. Kazi yangu kwao ni maji, bandeji na maombi. Jumamosi tuliomba langoni kama tufanyavyo kila wanapocheza Kyadondo, tukiwakumbuka wafiwa wa Julai 11, 2010, siku mabomu yalipowaua watu waliokuja uwanjani pale kutazama fainali ya Kombe la Dunia. Baada ya hapo wakaingia kucheza.

Kipindi cha kwanza kilinifurahisha sana. Waliingiza trai mbili, yaani mara mbili waliuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wenzao, mkwaju mmoja ukapita katikati ya milingoti, na mapumziko yakafika wakiongoza 12–10. Kipindi cha pili hawakupata hata pointi moja. Wenzao waliingiza trai tatu na mikwaju yote mitatu ikaingia, na kila nilipotazama niliona mpira ukinyang'anywa mahali pale pale: chini, mikononi mwa kijana wetu aliyeangushwa.

Safari ya kurudi ilikuwa kimya. Pale Najjembe, katikati ya msitu wa Mabira, wachuuzi walileta kuku wa kuchoma na gonja, zile ndizi za kuchoma, hadi dirishani, na vijana ambao siku nyingine hugombania mapaja hawakutoa hata shilingi. Kabla hatujafika Njeru kimya kikageuka lawama. Mmoja akamlaumu refa, mwingine akasema ni jua. Mwingine akamgeukia namba 8 wetu, yule fundi vyuma mwenye mwili mkubwa, akamwambia wazi kwamba mpira ameupoteza yeye. Kijana hakujibu. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, na sikio lake lilikuwa bado linatoka damu chini ya bandeji niliyomfunga.

Jumanne jioni kwenye mazoezi, kocha hakumfokea mtu. Aliwakalisha kwenye nyasi akatoa simu yenye video ya mechi, wakabanana kuitazama. Akaisimamisha mahali pamoja. Namba 8 amechukua mpira, amewapita wawili, wa tatu amemkamata miguu, na sasa yuko chini. Amejikunja juu ya mpira na uso ameugeuza nyuma, anatafuta mtu. Mwenzake wa karibu yuko hatua kadhaa kutoka pale, mikono kiunoni, anatazama.

Kocha akamwuliza huyo wa mikono kiunoni: "Mbona hukwenda?"

Kijana akajibu bila kuficha: "Kocha, huyu huwa haanguki."

Wapendwa, neno hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Kwa wasioujua mchezo huu, niseme kidogo. Katika raga kuanguka si kosa. Anayebeba mpira atakabwa, na akikabwa vizuri ataanguka hata awe na nguvu kiasi gani. Sheria inamtaka auachie mpira mara tu anapoangushwa, haruhusiwi kuukumbatia. Kuanzia hapo usalama wa mpira uko kwa wenzake. Wanatakiwa wafike mbio, wasimame juu yake kwa miguu yao, wawasukume wapinzani, na mpira utokee nyuma. Hiyo ndiyo raki. Wakichelewa, mpinzani anauchukua. Au aliyeanguka anaung'ang'ania kwa hofu ya kuupoteza, refa anapiga filimbi, na penalti inakwenda upande wa pili. Penalti nyingi za Jumamosi zilitoka hapo. Kocha alisema jambo nililoliandika pembeni mwa Biblia yangu: mpira haukupotezwa na aliyeanguka, ulipotezwa na waliobaki wamesimama.

Sasa soma Mhubiri 4:10. "Kwa maana wakianguka, mmoja wao atamwinua mwenzake, lakini ole wake aliye peke yake aangukapo, wala hana mwingine wa kumwinua!" Andiko hili tunalisoma kwenye harusi, tunalipamba kwa maua. Litazame tena. Linachukulia kuanguka kama jambo litakalotokea tu, na ile "ole" linamwekea yule ambaye hana mtu nyuma yake.

Na ni nani kanisani ambaye hana mtu nyuma yake? Tukiulizwa tutataja wajane, wagonjwa na wageni, na ni kweli, hao tuwatunze. Lakini video ile ilinionyesha mwingine. Aliyeachwa peke yake uwanjani ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Waliobaki nyuma hawakumchukia wala hawakuchoka. Walimwamini mno. Walishazoea kumwona akipenya, wakasahau kwamba na yeye ana magoti.

Eliya alikuwa mtu wa namna hiyo. Siku ile Karmeli moto ulishuka na taifa zima likaanguka kifudifudi. Fungua sura inayofuata, 1 Wafalme 19: anamwacha mtumishi wake Beer-sheba, anaingia jangwani peke yake, anaketi chini ya mretemu na kumwambia Mungu "Yatosha". Katika Israeli yote hakuna aliyeuliza yuko wapi. Ni malaika aliyekuja na mkate uliookwa na gudulia la maji, akamgusa, akamwambia, "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Ndugu zangu, Mungu hakumhubiria kwanza. Alimpelekea chakula na mguso wa mkono. Musa naye, juu ya kilima siku ya vita na Amaleki, mikono ilimlemea, lakini alikuwa na Haruni na Huri waliopanda naye, wakaishikilia.

Nasema haya kwa ukali kidogo, nisameheni, kwa sababu nawapenda. Tuna ndugu yetu mmoja, mnamjua, sitalitaja jina lake. Miaka mingi huyu ndiye aliyefungua ibada kwa maombi. Msiba ukitokea, yeye ndiye aliyekwenda kutafuta turubai na viti. Mtoto wa mtu akifukuzwa shule kwa karo, yeye ndiye aliyepita na daftari la michango. Kazi yake ikaisha, na tangu hapo hatujamwona ibadani. Sisi tumefanya nini? Tumeandika kwenye WhatsApp: "Tumwombee ndugu yetu." Tumeweka mikono ya kuomba, mingi, mstari mzima. Wengine tumesikika sokoni tukisema ameanza kunywa. Huyo aliyesema ameanza kunywa, je, amefika kwake? Amejuaje? Mtu amelala chini na sisi tumesimama hatua chache tu kutoka pale, mikono kiunoni, tunatazama.

Yakobo aliliona hili zamani. Mtu anamwambia mwenzake "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba", halafu hampi hata mahitaji ya mwili. "Yafaa nini?" Naomba swali hilo kila mmoja alibebe nyumbani kwake. Mimi naamini maombi, nimeona Mungu akijibu, na sitaki mtu yeyote asikie hapa kwamba maombi ni bure. Lakini mtu unayemwombea na nyumba yake iko mtaa wa pili, mwombee ukiwa umekaa kwenye kiti chake.

Najua ninachokisema, kwa sababu nami nilifikiwa. Kiwanda nilichokuwa nikifanya kazi kilipofungwa, nilijifungia ndani. Nilikuwa mwalimu wa vijana wakati ule, na watu walisema, huyo ana imani, atasimama. Nilifika mahali nikawa naogopa kugongewa mlango kwa sababu ya madeni. Mzee mmoja kutoka Masese, sasa ameshalala katika Bwana, alikuja kwa baiskeli asubuhi, mapema kabisa. Nyuma amefunga mfuko wa posho, yaani unga wa mahindi, na samaki wakavu. Hakuniuliza kwa nini sionekani kanisani. Aliketi, akaomba chai, na mke wangu akaona haya kwa kuwa sukari haikuwepo. Mzee akanywa chai ile bila sukari akaisifu. Halafu akasema, "Mwanangu, nimekuja kukaa." Akakaa hadi adhuhuri. Kesho yake akarudi. Imani yangu ninayoihubiri leo ilishikiliwa na mzee yule wakati mikono yangu ilikuwa imelegea, na nitamshukuru Mungu kwa ajili yake hadi nitakapomwona tena.

Jambo la pili ni namna ya kufika. Kocha aliwarudisha vijana kwenye sheria: huingii raki kwa ubavuni. Unaingia kutoka nyuma, upande wa wenzako, na ukiingia kwa pembeni ni penalti hata kama nia yako ilikuwa njema. Tena ni lazima ubaki umesimama kwa miguu yako, ukijitupa juu ya mwenzako umemwongezea mzigo. Niliposikia hayo nikakumbuka Wagalatia 6:1, "mrejezeni upya mtu kama huyo kwa roho ya upole, ukijiangalia nafsi yako usije ukajaribiwa wewe mwenyewe." Wapo wanaokwenda kumwona aliyeanguka, lakini wanapitia kwanza kwa jirani zake, kwa shemeji yake, kwa wafanyakazi wenzake. Wakifika kwake habari zake zimeshajaa mtaani. Huko ni kuingia kwa ubavuni. Nenda moja kwa moja kwa ndugu yako, na ulichokikuta kwake kiache kwake.

Na wewe uliye chini unasoma haya kitandani, labda kwenye simu yenye chaji kidogo, nina neno na wewe. Achia mpira. Unaukumbatia kwa sababu unaogopa watu wakijua utapoteza heshima, na kadiri unavyoukumbatia ndivyo unavyoumia. Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki walilijua hili. Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Joe Church, mmisionari Mwingereza, walipokutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, walikuwa watu wawili waliokiri kwamba wamekaukiwa, wakakaa pamoja na Biblia na maombi. Katika uamsho ule walokole, yaani waliookoka, wakajifunza kutembea nuruni, mtu kusimama mbele ya wenzake na kusema limenishinda hili, nisaidieni. "Tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi." Mwite mtu mmoja leo. Mmoja tu unayemwamini, na umwambie ukweli wote.

Kocha alitaja mengine pia, pumzi na nidhamu ya ulimi, maana ukimbishia refa anawasogeza mita 10 nyuma zaidi. Hayo yako 1 Wakorintho 9:25, "hujizuia katika yote", mtayasoma nyumbani.

Ninachotaka kuwaambia vijana, maana najua hii itawafikia, ni kwamba sijawaonea haya. Uganda yetu iliwahi kuchukua Kombe la Afrika la raga mwaka 2007, timu ya taifa, Rugby Cranes, ikishinda ugenini kule Madagascar, na wale nao walianza kwenye viwanja kama vyenu. Baada ya ile video niliwaona mkifanya zoezi moja tu hadi giza likaingia: mmoja anaanguka, wawili wanafika. Anaanguka mwingine, wawili wanafika. Yule aliyekuwa na mikono kiunoni alikuwa wa kwanza kufika kila mara, na alipofika aliita kwa sauti "Niko!" ili aliye chini asikie. Mwanangu, neno hilo nimelichukua. Nitalitumia.

Sasa kwetu sisi. Jumatano jioni tunakwenda kwa ndugu yetu. Nimeshazungumza na mke wake kwa simu, amesema tuje, naye mwenyewe ameridhia. Tusiende umati, watu wanne au watano wanatosha wiki hii, wengine wiki ijayo na ile inayofuata. Mama mkuu wa akina mama amesema atapika maharage, mwenye posho alete, mwenye sukari alete. Hakuna hotuba. Tutaimba wimbo mmoja kama yeye atapenda, tutakula naye, tutamsikiliza. Vijana wawili wa timu wameomba kuja, na namba 8 ni mmoja wao. Tukutane njia panda ya Walukuba saa kumi na moja jioni. Mwenye kuchelewa anipigie simu, tutamsubiri.