Mbwa mweusi wa Bungay

Leo nimepita Bungay, Suffolk, mji mdogo wa soko nilikoishi nilipoingia Uingereza.

Butter Cross, lile banda la kale la soko, ipo palepale, imesimama tangu 1689.
Na juu ya nguzo nyingine pale sokoni, mbwa mweusi wa chuma bado anakimbia juu ya radi.

Huyo ndiye Black Shuck, mbwa wa mzimu wa masimulizi ya huku.
Tarehe 4 Agosti 1577, watu wakiwa ibadani, dhoruba kali ililipiga kanisa la St Mary's, wawili wakafa. Wenyeji husimulia kwamba mbwa huyo alipita katikati yao.

Nimemkuta bibi mmoja aliyekuwa jirani yangu. Tumekumbatiana palepale njiani.
Nikamwuliza, "Bibi, Shuck bado anatembea?"

Hakunijibu upesi. Alichungulia kwanza nyuma ya bega langu.
Mchana kweupe, jamani!

Marehemu bibi yangu kule Tanga naye alikuwa hataji majini mpaka ageuke atazame nyuma. Nimemkumbuka hadi machozi yakanitoka.

Haya, mtaani kwenu mlitishwa na nini mkiwa wadogo? Nisimulieni, nitasoma zote usiku huu.