Mtoto wa 1.61

Programu ya takwimu haina haya. Iambie kwamba 1 ni mtoto aliyeshikamana na mama yake kwa utulivu, 2 ni mwenye mashaka naye, 3 ni yule ambaye bado hajashikamana na mtu, kisha iombe wastani. Itakupa. Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa mwaka wa kwanza alinionyesha jibu lake, 1.61, amelipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nikamuuliza: huyo mtoto wa 1.61 anakaa kijiji gani?

Kwa wasionifahamu, wikendi huwa nasaidia wanafunzi wa saikolojia hapa Kikoni, Kampala, kwenye veranda ya hosteli. Mhadhara wanausikiliza kwa Kiingereza, lakini kubishana tunabishana kwa Kiswahili, maana kuna wa Goma, wa Bunia, wa Kisumu, na mimi nimekulia kambi ya polisi Nsambya, ambako Kiswahili hukikwepi hata ukitaka.

Data aliyokuwa akiichezea ni ya kweli, tena ni ya hapa kwetu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala, akaanza kuzitembelea familia 26 za Kiganda katika vijiji vya karibu na mji, kila baada ya wiki mbili hivi, akikaa nazo kama saa mbili pamoja na mkalimani. Watoto aliowafuatilia walikuwa 28. Matokeo yalitoka kitabuni mwaka 1967: watoto 16 wametulia kwa mama zao, 7 wana mashaka, 5 bado hawajashikamana na mtu. Naipenda data hii kuliko mifano ya vitabu vingi vya darasani, kwa sababu ni ndogo, unaona kila mtoto amekaa wapi.

Sasa hizo 1, 2 na 3 ni majina tu, kama namba za jezi. Jumlisha namba za jezi za Cranes wote, timu yetu ya taifa ya kandanda, hupati hata bao moja. Kwa vigeu (yaani sifa zinazotofautiana kati ya mtu na mtu) vya namna hii unahesabu walio katika kila kundi, basi. Wastani ungoje vitu vyenye kiasi: sekunde za kulia, umri kwa miezi, shilingi.

Na hata kwenye shilingi uwe macho. Tuseme wanafunzi saba wanatumiwa pesa za matumizi kwa mwezi, kwa maelfu: 20, 25, 30, 30, 35, 40, na wa saba, ambaye baba yake ana malori Malaba, 520. Wastani ni 100,000. Hakuna hata mmoja kwenye veranda anayepata 100,000. Wapange kwa mstari, mchukue wa katikati: 30,000. Huyo ndiye atakayekueleza kwa nini rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, inaliwa nusunusu.

Turudi kwa watoto. 16 kati ya 28 ni asilimia 57, na hapo ndipo kalamu nyekundu huwa inataka kukimbia: "Asilimia 57 ya watoto wa Uganda..." Hapana. Mhamishe mtoto mmoja tu kundi, labda siku ile alikuwa na homa, na asilimia inaruka hadi 61 au inashuka hadi 54. Ukifanya hesabu ya kawaida ya kukadiria, ile ya asilimia 95, unapata kuanzia 39 hadi 75. Maana yake ni kwamba, kama watafiti wengi wangechagua kwa kura watoto 28 kutoka kundi lile lile, kila mmoja akatengeneza mpaka wake wa juu na wa chini, takriban 95 katika kila 100 wangeinasa asilimia ya kweli. Ukitaka kuupunguza upana huo nusu, watoto 56 hawatoshi, unahitaji 112. Na hesabu yenyewe inadai kura, ilhali familia zile hazikuchaguliwa kwa kura. Tena watoto 28 kwa familia 26 ni kusema wapo wanaolala nyumba moja, na hao si mashahidi wawili kamili.

Kuna aliyenuna: basi utafiti huu hauna thamani? Una thamani kubwa. Ainsworth aliona kwa macho jambo ambalo wengine walikuwa wakilidhania tu, na ndilo alilokwenda kulifuatilia tena Baltimore, Marekani. Ila kuona kwamba jambo lipo ni kazi moja, na kusema lipo kwa kiasi gani ni kazi nyingine.

Mtawanyiko nao, yaani jinsi namba zinavyoachana, naufundisha bila kanuni kwanza. Mwaka 1988 van IJzendoorn na Kroonenberg walikusanya tafiti 32 za namna hii kutoka nchi 8, watoto karibu 2,000. Tofauti kati ya tafiti za nchi moja zilikuwa kama mara moja na nusu ya tofauti kati ya nchi na nchi. Ukiishika hiyo, mkengeuko sanifu, kipimo cha mtawanyiko huo, utakuwa ni hesabu tu ya jambo unalolijua. (Katika nchi hizo nane, ya Afrika haikuwemo hata moja. Nilipolitaja hili, veranda nzima ilichangamka kuliko wakati wowote.)

Thamani ya p, yaani uwezekano wa kupata matokeo makubwa kiasi hicho au zaidi kama jambo lenyewe halipo, tuliigusa tu jioni ile, maana mvua ilikuwa inakuja na wahadhiri wao wanaikimbilia mno hata hivyo. Tulikwama kwenye uhusiano wa mambo mawili: lipi linasababisha lipi. Ainsworth aligundua kwamba akina mama walioweza kumweleza mambo madogo madogo ya watoto wao kwa undani ndio hasa waliokuwa na watoto waliotulia. Kijana wa 1.61 akachora mshale kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Dada mmoja wa Arua, mwenye watoto wawili, akacheka.

"Wa kwanza wangu alilia mchana na usiku," akasema. "Yule namjua hadi kucha. Huyu wa pili mpole, niulize chochote, sijui."

Mshale ukafutwa, ukachorwa kinyume, mwingine akaongeza wa tatu kutoka kwenye umaskini wa nyumba kwenda kwa wote wawili, na karatasi ikajaa kabla hatujakubaliana.