Huinywesha Milima

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu la wiki hii ni Zaburi 104:13: "Huinywesha milima toka orofa zake, nchi imeshiba mazao ya kazi zako."

Anayetaka kuiona aya hii ikitendeka na apande Uluguru. Lupanga na Bondwa, vilele viwili vilivyo juu ya mji wa Morogoro, vyote vina zaidi ya mita 2,100, na kila kimoja unaweza kukipanda na kushuka siku hiyohiyo ukiondoka alfajiri. Bondwa ina njia nzuri inayopita Morning Side, jengo la enzi za Wajerumani, hadi kwenye minara ya mawasiliano. Lupanga ni mlima wa kupanda kwa miguu na mikono, ukijivuta kwa mizizi. Na ukiiacha njia ufuate mgongo wa mlima, mwenyeji anatangulia, kwa sababu majani yaliyooza yamefunika mashimo na jicho la mgeni halioni pa kukanyaga.

Huko ndani ya msitu mvua inaweza kuwa hainyeshi, na bado maji yanadondoka. Wingu linapita katikati ya miti, linagusa tawi lililovikwa ukoga mzito wa kijani, linaacha unyevu. Unyevu unakusanyika, tone linaning'inia, linaanguka, na jingine linaanza. Ukiukamua ukoga huo kwa kiganja, maji yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Udongo mweusi wa chini hauyaachi yakimbie. Unayanywa, kisha unayatoa polepole hata wakati wa kiangazi.

Upepo wa Bahari ya Hindi ndio unaoleta unyevu huo. Ukigonga milima unapanda, unapoa, unakuwa wingu. Maji yanashuka kwa vijito, mto Mgeta na mingine, yanaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayolisha mabomba ya Dar es Salaam kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mama anayefungua koki kule Ubungo asubuhi anapokea maji yaliyoanza safari yake kwenye matawi ambayo hatayaona kamwe.

Sasa irudieni Zaburi hiyo muangalie foleni ilivyopangwa. Kwanza chemchemi katika mabonde. Kisha wanyama wa kondeni, na punda mwitu huzima kiu yao. Kisha ndege kati ya matawi. Kisha milima. Mwanadamu anatajwa aya ya 14, baada ya hao wote. Mimi naamini mpangilio huu una uzito. Mungu ana ndege katika Uluguru ambaye hapatikani mahali pengine popote duniani, naye hunyweshwa kabla yetu. Sisi tunapokea kilichoshuka baada ya mlima kushiba. Hata kabichi na karoti za Mgeta tunazonunua sokoni zimepitia mkono huohuo.

Mnakumbuka Oktoba 2022, Ruvu ilipopungua, Dar ikaingia kwenye mgawo wa maji. Madumu yalipangwa vichochoroni usiku kucha, na makanisani tuliomba mvua kwa machozi. Tulifanya vema, na Bwana anasikia. Ila ni vigumu kumwomba Baba ajaze mtungi huku tunaupasua. Moto wa kuandaa shamba ukiachiwa upande mlimani unaunguza miti ile inayolinasa wingu, na mkaa unaochomwa msituni una mnunuzi, mara nyingi mmoja wetu. Aya ya 16 inaitaja mierezi ya Lebanoni kuwa miti ambayo BWANA aliipanda mwenyewe. Siioni sababu ya kuihesabu miti ya Uluguru kuwa ya mwingine.

Kwa hiyo Jumapili hii, tutakapofika kwenye sala ya mahitaji, naomba tuitaje mito kwa majina: Mgeta, Ruvu, na mto Morogoro wenyewe. Tuwaombee pia wakulima wa miteremko ile, wapate mavuno bila kulazimika kufyeka juu zaidi, na walinzi wa msitu wanaoshinda kwenye baridi na utelezi. Na wazee wa kanisa wanaopanga safari ya vijana, nawasihi mwaka huu muwapeleke Lupanga. Wachukueni wenyeji wa kuwaongoza, koti la mvua kwa kila mmoja, na Zaburi ya 104 yote isomwe kwa sauti humo msituni.